Pochi za vifaa vya bunduki ya gumegume: geuza ndani nje kabla hujalipa

Tangu uishe msimu wa Pennsylvania wa kuwinda kwa gumegume, ile bunduki ya zamani inayowasha baruti kwa cheche za jiwe, malalamiko yanayonifikia kutoka kwa Waswahili wenzangu wa huku Marekani yanafanana. Mmoja ananiandikia: “Dada, pochi ni nzuri kweli, ngozi inanukia, lakini nimerudi nyumbani mawe mawili hayapo.” Mwingine bisibisi imemdondokea kwenye theluji na hakuiona tena. Mwingine anaona nyuzi zinachungulia chini ya mfuko, anauliza kama hilo ni kawaida. Si kawaida. Wote walinunua pochi za kushonwa kwa mkono, tena kwa pesa nzuri, na wote walikagua yale ambayo muuzaji anapenda tuyakague: rangi, nakshi, kifungo cha pembe.

Rangi chagua uipendayo. Ukubwa wa mfuko wa koti lako unaujua mwenyewe. Mimi leo nataka tuuangalie mshono wa chini wa mfuko wa mawe, kwa sababu pochi nyingi zinafia hapo.

Fikiria jiwe lenyewe linavyofanya kazi. Cheche zinazowasha baruti hazitoki kwenye jiwe. Ni chembe za chuma zilizokwanguliwa na ukingo wa jiwe, zikawaka hewani. Sasa ukingo unaoweza kukwangua chuma kigumu utauonea huruma uzi wa kitani? Ukiliweka jiwe mfukoni linateremka mpaka chini, ukingo unaulalia mshono, na kila hatua unayopiga porini linausugua. Uzi mmoja ukikatika huoni kitu. Ukikatika wa tatu, jiwe limeshapata mlango.

Dawa yake ni ya zamani na haina gharama kubwa. Fundi anachukua ukanda mwembamba wa ngozi, anauweka katikati ya ngozi mbili kwenye njia ya mshono, kisha anashona zote tatu pamoja. Jiwe likishuka linakutana na ngozi, uzi uko salama kwa nyuma. Washonaji wa ala za visu wanafanya hivyo siku zote, maana wasipofanya kisu kitaichana ala. Washonaji wa pochi wengi wanaruka hatua hiyo kwa sababu inaongeza unene, inaongeza kazi, na kwenye picha haionekani. Kwangu mimi, pochi isiyo na ukanda huo chini ya mfuko wa mawe haistahili hata nafasi ya tatu kwenye orodha yangu ya hapa chini, hata kama imenakshiwa mpaka mgongoni.

Jambo la pili ni ndugu wa hilo la kwanza: kila jiwe liwe na chumba chake. Mawe manne yakikaa mfuko mmoja yanagongana na kumeguka kingo, na unafika uwanjani na mawe mapya yaliyokwisha chakaa. Haijalishi ni meusi ya Kiingereza yanayochongwa kwa jiwe la Brandon, kule Suffolk, au yale ya Kifaransa yenye rangi ya asali, yote yanameguka. Vyumba navyo viwe vya kipimo. Mtambo, yaani sehemu ya bunduki inayolishika jiwe na kulipiga kwenye chuma, una saizi zake: ule mkubwa wa aina ya Siler unakula jiwe la robo tatu ya inchi, karibu milimita 19, na ule mdogo unatumia la milimita 16 hivi. Misketi kama Brown Bess, bunduki ya zamani ya askari wa Uingereza, inataka kubwa zaidi ya hayo. Mwambie fundi una mtambo gani kabla hajakata ngozi. Chumba kikizidi upana, jiwe linageuka ubavu na kuanza kukata pembeni.

Halafu uliza ameshona vipi. Mshono wa sindano mbili, ule ambao nyuzi mbili zinapishana katika kila tundu, uzi mmoja ukikatika mwingine unashikilia. Wa cherehani ukikatika mahali pamoja unaanza kufumuka.

Kwa upande wa ngozi sijifichi: natafuta ya Wickett & Craig. Ni kiwanda kilichoanza mwaka 1867 kule Toronto na sasa kiko Curwensville, hapa hapa Pennsylvania, na bado kinalainisha ngozi kwa dawa ya magome. Ngozi yao ina mwili. Ukiikunja inakumbuka mkunjo, ukitoboa tundu la sindano linabaki tundu dogo, halipanuki na kulegea. Hermann Oak ya St. Louis nayo ni ngozi ya heshima na fundi akiitumia sitagombana naye, lakini nikiwekewa pochi mbili zilizoshonwa sawa, nitachukua ya Curwensville bila kuuliza bei mara mbili. Unene wa milimita 1.2 hadi 1.6 unatosha. Zaidi ya hapo pochi yenye mikunjo mitatu inakuwa tofali.

Sasa nafasi zangu.

Ya kwanza ni pochi ya mikunjo mitatu, ngozi ya magome, vyumba vinne au vitano vya mawe vyenye ukanda chini, mfuko mrefu wa bisibisi, kijifuko cha sindano ya kuzibulia tundu la moto (tundu linalopitisha moto kwenda kwenye baruti), na sehemu bapa ya vipande vya ngozi vya kufungia jiwe kwenye taya za mtambo. Kifungo kiwe cha pembe ya kulungu chenye kamba ya ngozi. Msimu wetu, ulioanzishwa mwaka 1974, kwa desturi unafunguliwa siku inayofuata Krismasi, na baridi ya siku zile vidole havisikii. Kamba unaivuta hata ukiwa na glovu. Bizimu ndogo utahangaika nayo huku kulungu anakutazama.

Ya pili ni ya mkunjo mmoja yenye kifuniko, kama bahasha. Inabeba mawe matatu tu, lakini ni nyembamba, inaingia mfuko wa shati, na mshono wake ni mfupi kwa hiyo fundi hana kisingizio cha kuacha ukanda. Kwa anayepiga shabaha tu uwanjani, ambako sanduku la vifaa liko hatua chache nyuma yake, hii inaweza hata kuwa bora kuliko ya kwanza.

Ya tatu ni ya kuviringisha, ya ngozi laini ya kulungu. Najua inapendwa, na mkononi ina raha yake. Lakini ngozi ya kulungu inavutika. Baada ya muda vyumba vinakuwa vilegevu, na ukiifungua kichwa chini vifaa vinamwagika. Ikiwa lazima uinunue, iwe na ulimi wa kufunika midomo ya mifuko yote.

Zile za bei ya chini zenye ngozi ya kromu (iliyolainishwa kwa kemikali ya kromu badala ya magome) na vifungo vya sumaku, pita. Bora ufunge mawe yako kila moja kwenye kitambaa.

Na bei sasa. Ninakubali kabisa kumlipa fundi. Kutoboa matundu kwa mkono na kuvuta nyuzi mbili ni kazi ya saa nyingi, na pochi nzuri kupita bei ya dazeni ya mawe ni haki. Ninachokataa ni kulipia ukale wa kughushi. Kuna muuzaji anachukua ngozi mpya, anaisugua, anaipaka madoa, anaiita ya karne ya 18, bei inapanda, na mshono ni ule ule mbovu. Picha nazo! Pembe ya baruti pembeni, mshumaa, ramani kuukuu, pochi imefungwa katikati. Picha saba na hakuna hata moja inayoonyesha ndani. Tunauziwa chombo cha kazi kama pambo la ukutani, na anayepoteza mawe msituni ni sisi.

Kuna na hii ya “seti kamili.” Wanakutilia bisibisi laini inayopinda kwenye parafujo ya kwanza na sindano ya chuma kigumu, wakati sindano ya shaba haili tundu la moto, kisha wanapandisha bei kana kwamba wamekupa zawadi. Omba pochi tupu. Na gharama ya posta ya kitu kinachoingia kwenye bahasha isiwe ya kiatu.

Ukiweza, nunua ana kwa ana. Mashindano ya bunduki za zamani ya Friendship, Indiana, yana safu za wauzaji ambako unaweza kuishika pochi, kutia kidole mpaka chini ya kila chumba na kuusikia ukanda. Ukikosa nafasi ya kwenda, mwandikie fundi: “Naomba picha ya ndani ya mfuko wa mawe, na uniambie kama kuna ukanda wa ngozi kwenye mshono wa chini.” Fundi mzuri atafurahi kuulizwa. Anayekujibu kwa habari za rangi ameshakujibu.

Kwa wale ambao tayari wana pochi na nyuzi zinachungulia: msiitupe. Kata kipande cha ngozi ngumu upana wa chumba, kikunje mara mbili, kisukume mpaka chini kabisa, mkunjo ukiwa upande wa mshono. Kiache bila gundi ili ukibadilishe kikichoka. Msimu ukiisha, toa vifaa vyote vya chuma humo ndani, vifute, vipake mafuta na uviweke mahali pengine, kwa sababu ngozi inashika unyevu na masalia ya baruti yanauvuta zaidi. Bisibisi iliyolala humo mpaka Desemba itatoka na kutu.