Nimelipia kifurushi kisicho na matangazo, nikaletewa tangazo la mkopo katikati ya Sigur Rós

Pesa ilikatwa kwenye simu palepale, ujumbe wa muamala ninao mpaka leo. Kifurushi cha mwezi cha kusikiliza muziki mtandaoni, bila matangazo, ndivyo kilivyoandikwa. Sasa naomba nielezwe yule mwanamume aliyenipigia kelele za mkopo wa haraka alitokea wapi.

Angeingia kwenye wimbo wowote mwingine ningenuna kidogo, yakaisha. Aliingia baada ya wimbo wa 4 wa ile albamu ya kundi la Sigur Rós ya mwaka 2002 isiyo na jina, yenye mabano mawili tu kwenye jalada. Wanaoijua najua wameshashika kichwa. Kwa asiyeijua: zimo nyimbo 8, nazo hazina majina, na jamaa hawa wa Aislandi wameigawa albamu nusu mbili. Nusu ya kwanza ina mwanga ndani yake. Ya pili ni nzito, imejaa huzuni. Kati ya nusu hizo wameacha sekunde 36 za ukimya. Ukimya huo wameupanga kama walivyopanga kinanda na ngoma, nao ndio unaokuvusha.

Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, niko kitandani, hedifoni masikioni. Wimbo wa 3 ni wa ala tupu, kinanda kinazunguka palepale, kila mzunguko kinapanda kidogo. Halafu kwenye wa 4 sauti ya Jónsi, mwimbaji wao, inarudi. Ni sauti ya juu, nyembamba, unaweza ukadhani ni ya mtoto au ya mwanamke, na kuna kifungu kimoja anachokirudia na kukirudia huku ngoma zikimsindikiza taratibu. Nilikuwa nimefumba macho. Wimbo ukaisha, nikashusha pumzi, nikausubiri ukimya.

"Una shida ya pesa? Pata mkopo ndani ya dakika tano!"

Jamani. Nilirusha hedifoni. Moyo ulikuwa unadunda kama nimeitwa na polisi.

Kesho yake nikawaandikia huduma kwa wateja, kwa adabu zote, habari za kazi, poleni na majukumu. Nikaeleza kwamba nimelipia, nikaeleza tangazo liliingia wapi na kwa nini hapo panauma kuliko kwingine. Jibu lilikuja baada ya muda mrefu sana: "Ndugu mteja, tumeangalia. Albamu hiyo haina maneno, ni muziki wa kutuliza, na tangazo lilichezwa baada ya wimbo kwisha. Hakuna kilichokatizwa."

Haina maneno! Hilo jibu limenikera kuliko tangazo lenyewe. Suala la pesa hakuligusa kabisa. Alikwenda moja kwa moja kunifundisha kwamba nilichokuwa nasikiliza hakikuwa na kitu cha kuharibiwa.

Ndugu yangu, kila kinachoimbwa kwenye albamu hiyo kinaimbwa kwa Vonlenska, sauti zisizo na maana ya kamusi. Kijitabu cha ndani ya CD kilitolewa kitupu, kurasa nyeupe, ili msikilizaji aandike maneno yake mwenyewe. Kwa hiyo kusema haina maneno ni sawa na kusema hakuna mtu ndani? Wengi wetu huku tumekua na Lingala. Harusini, kwenye daladala, kwenye redio ya jirani, tumeimba na Mbilia Bel na Franco mwanzo mpaka mwisho bila kujua wanasema nini, na kuna pahala sauti ikipanda mtu mzima anafuta machozi. Nani alithubutu kutuambia huo ni muziki wa kutuliza tu?

Na tatizo haliko kwa huyo ndugu peke yake. Hata wapenzi wa posti-roki wenyewe, tawi la roki wanamowekwa hawa Sigur Rós, wamezoea kusema muziki wao ni wa magitaa na ngoma, mwimbaji wa nini. Si kweli, na haijawahi kuwa kweli. Mhakiki wa muziki Simon Reynolds alipoanza kulitangaza jina hilo la posti-roki mwaka 1994 alikuwa anaiandikia Hex, albamu ya kundi la Bark Psychosis, na humo kuna mtu anaimba. Albamu ya Spirit of Eden ya kundi la Talk Talk ni ya 1988, na ukimtoa mwimbaji wao Mark Hollis humo, ile namna yake ya kuimba kama anaogopa kumwamsha mtu chumba cha pili, sijui kinabaki nini. Kundi la Slint kwenye albamu ya Spiderland, 1991: wimbo wa mwisho jamaa anaongea chinichini karibu muda wote, halafu mwishoni kabisa anapasua sauti, na ile dakika moja ndiyo iliyofanya watu waikumbuke albamu hiyo miaka yote hii. Hata Godspeed You! Black Emperor, ambao hawana mwimbaji, albamu yao ya kwanza kubwa ya 1997 inafunguliwa na sauti ya mwanamume anayesimulia gari linaloungua bila dereva. Sauti ya mtu kwenye muziki huu huja kwa uchache, ndiyo maana inapokuja huwezi kuiruka. Kutupia sauti ya muuza mikopo hapo ni uharibifu.

Nikisema ukweli, huduma yenyewe si mbaya yote. Usikivu ni safi, besi haikwaruzi, na nimekuta humo albamu ambazo hakuna duka la kanda mjini liliwahi kuwa nazo. Hizo nne za Bark Psychosis, Talk Talk, Slint na Godspeed zote nimezipata humo. Nilianza kuandika hapa nikiwa na nia ya kutoa nyota tatu, nikalalamikie hili moja tu.

Lakini juzijuzi nimeifungua tena ile albamu na kukuta wameipanga kwenye orodha ya muziki wa kulalia. Wa kulalia! Wimbo wa 8 unakwenda dakika 11 na ushei, sauti inapanda, ngoma zinaanza kupigwa kwa hasira, mpaka mwisho mpigaji anapiga kama anabomoa ukuta. Nani analala hapo? Aliyeiweka kwenye orodha hiyo hajaifikisha nusu, nina hakika.

Basi ni nyota moja. Binamu yangu anakuja kutoka Uingereza karibuni, nimemwagiza CD yenyewe. Na pesa ya kifurushi bado naidai. Nimewaandikia tena, safari hii nimeambatanisha ujumbe wa muamala peke yake, muziki sijautaja, maana wakinijibu tena kuhusu muziki sitajizuia.