Vifaa vya kukusanya majibu darasani: kipi ununue kwanza, kipi kisubiri

Mwalimu anayeuliza "Mmeelewa?" hujibiwa "Ndiyoo!" na darasa zima, na bado hajui lolote. Vifaa vya kukusanya majibu vinavunja kiitikio hicho: kila mwanafunzi anajibu kivyake, wote kwa wakati mmoja, na mwalimu anaona papo hapo nani yuko naye na nani kaachwa njiani. Bei za vifaa hivi zinapishana mno, lakini faida yake haipishani kiasi hicho. Kigezo changu cha kuvipanga ni kimoja: je, mwanafunzi aliyekaa nyuma kabisa, asiye na simu, atajibu?

1. Kadi za Plickers

Kila mwanafunzi hupewa kadi ya karatasi yenye mchoro mweusi wa miraba, tofauti na wa mwenzake. Pande nne za mchoro ni A, B, C na D. Anayechagua B anaigeuza kadi mpaka B ikae juu, kisha anainyanyua. Mwalimu anapitisha kamera ya simu yake darasani, na programu ya Plickers iliyomo kwenye simu hiyo inazisoma kadi nyingi kwa mkupuo na kuandika nani kajibu nini. Kwa kuwa herufi ni ndogo na michoro haifanani, kumchungulia jirani hakusaidii kitu.

Gharama kubwa ni ya kuchapisha. Tumia karatasi nzito, wala usiipake plastiki inayong'aa, maana mwanga ukiakisi kamera haioni kitu. Wafundishe wanafunzi kushika kingo tu. Kidole kikifunika mchoro, jibu halisomeki. Namba za kadi zifuate mpangilio wa majina katika daftari la mahudhurio, la sivyo utapoteza dakika nyingi kila kipindi ukigawa.

Udhaifu wake ni kwamba inapokea maswali ya kuchagua tu, na majibu hayazidi manne. Isitoshe, ukitaka matokeo yaonekane kwenye projekta, simu na kompyuta zote zinahitaji intaneti.

Kwa nini karatasi ishinde mitambo? Eric Mazur, mwanafizikia wa Harvard, alianza mwaka 1991 kufundisha kwa mtindo ambao wanafunzi hujibu swali, hujadiliana na jirani, kisha hujibu tena. Mwaka 2008 Nathaniel Lasry alichapisha ulinganisho wa madarasa yaliyotumia mtindo huo, baadhi kwa rimoti za kujibia (tazama namba 3) na mengine kwa kadi za kawaida, na hakuona tofauti katika kiwango cha kujifunza. Kazi kubwa inafanywa na swali zuri na yale mabishano ya jirani kwa jirani. Kifaa ni mkusanyaji wa kura tu.

(Anayefundisha hesabu afikirie kwanza vibao vidogo vya kuandika na kufuta. Havihifadhi kumbukumbu yoyote, lakini vinaonyesha njia ya kukokotoa, si jibu peke yake.)

2. Programu za simu na vishikwambi

Hapa wamo Mentimeter, Socrative, Poll Everywhere na wenzao. Mwanafunzi anafungua kivinjari, anaingiza namba ya darasa, anajibu. Nguvu yake ambayo kadi haina ni majibu ya maandishi: unaweza kuuliza "Kwa nini?" na kupata sentensi badala ya herufi. Kwa chuo, au shule yenye vishikwambi vya kutosha na mtandao imara, hiki kingepanda hadi namba moja.

Kabla ya kulipia, soma kwa makini mipaka ya toleo la bure: idadi ya washiriki, idadi ya maswali, na kama unaruhusiwa kupakua matokeo. Mipaka hiyo hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo usitegemee alichokwambia mwenzako muhula uliopita. Angalia pia kama majina yanaweza kufichwa kwa wanafunzi lakini mwalimu akayaona. Majibu ya maandishi yasiyo na jina yakirushwa moja kwa moja ukutani, matusi hayachelewi.

Kahoot, iliyotoka Norway na kuanza mwaka 2013, ni ya kundi hili ila tabia yake ni ya mchezo. Kwa mpangilio wake wa kawaida anayejibu haraka hupata pointi nyingi zaidi. Inachangamsha marudio ya mwisho wa mada, lakini kwa swali linalohitaji kufikiri inawazawadia wanaobahatisha. Isiwe chombo chako pekee.

3. Rimoti za kujibia

Ni vidude vya mkononi vyenye vitufe, vinavyotuma jibu kwa kipokezi kilichochomekwa kwenye kompyuta. iClicker, iliyobuniwa na wanafizikia wa Chuo Kikuu cha Illinois, ni mojawapo ya majina makubwa. Havihitaji simu, na ujumbe wa mitandao ya kijamii hauingii humo. Vinafaa ukumbi mkubwa ambako simu zimepigwa marufuku.

Kinachovishusha ni matunzo: betri za kubadilisha, rimoti zinazopotea, na mtu wa kuzihesabu kila kipindi. Ukinunua, chagua za mawimbi ya redio. Zile za zamani za infraredi, yaani mwanga usioonekana kwa macho, zinataka njia iliyo wazi hadi kwenye kipokezi. Seti iliyotumika ni mtego ikiwa kipokezi si cha chapa na toleo lilelile, au programu yake haikubali mfumo wa kompyuta yako ya sasa. Mwambie muuzaji aiwashe mbele yako, kwenye kompyuta yako, na majibu yaingie hadi kwenye jedwali.

4. Seti zinazofungashwa pamoja na ubao wa kielektroniki

Hizi ziache, isipokuwa ubao wenyewe unauhitaji kwa sababu nyingine. Mara nyingi rimoti zake hazisomeki kwenye mfumo mwingine, na ubao ukiharibika nazo zinabaki kabatini.