Uzi wa shali: upi ununue, upi uuache dukani

Kabla hujashika donge la uzi dukani, jiulize shali hiyo itafuliwa na nani. Atakayeivaa ana nafasi yake, lakini atakayeifua ndiye ataamua kama itafika mwaka wa pili. Nimefuma shali hapa Mwanza kwa miaka mingi, nyingi za watoto wachanga, chache za mabibi na maharusi, na karibu kila iliyorudishwa kwangu ikiwa imeharibika, iliharibikia kwenye beseni. Maji ya moto, sabuni ya unga iliyozidi, kusuguliwa kama jinzi, kisha kuanikwa kambani ikiwa bado inachuruzika. Kwa hiyo orodha hii nimeipanga kwa kipimo hicho: uzi unaovumilia beseni uko juu, hata kama dukani kuna mzuri kuliko huo.

Kipimo changu cha pili ni hewa yetu. Mwanza iko mita 1,100 na ushei juu ya usawa wa bahari, kusini kidogo tu mwa ikweta. Mchana mawe yanachoma, lakini alfajiri baridi inapenya, hasa Juni hadi Agosti. Shali ya huku ni ya kujitupia mabegani ukienda misa ya kwanza, ukisubiri kivuko cha Kamanga, ukikesha na mgonjwa, au ukipanda meli ya usiku kwenda Bukoba. Ukiifuma nzito kama blanketi, saa tatu asubuhi utaivua na kuibeba mkononi siku nzima. Tafuta uzi mwembamba au wa wastani, basi.

Soma lebo kabla ya kuuliza bei

Karatasi inayozungushiwa donge inakuambia mambo matatu: uzito na urefu, kilichomo kwa asilimia, na namba ya loti ya rangi, yaani mkupuo ambao uzi huo ulitiwa rangi.

Anza na urefu. Wengi hulinganisha bei donge kwa donge, na hapo ndipo hupunjika. Madonge mawili ya gramu 100 yanaweza kupishana urefu mara mbili: uzi mwembamba hufika mita 400, ule wa wastani wa sweta la mtoto huwa kati ya mita 200 na 300, na mnene hushuka chini ya hapo. Gawa bei kwa mita. Kwa mfano wa hesabu tu, donge la shilingi 4,000 lenye mita 200 unalilipia shilingi 20 kwa mita. La shilingi 6,000 lenye mita 400 ni shilingi 15. Lililoonekana ghali ndilo la bei nafuu. Shali ya pembetatu ya kufunika mabega, kwa uzi mwembamba, hula mita 400 hivi. Ya kujifunika mpaka kiunoni andaa 600 hadi 800. Kwa shali ya mtoto ya mraba, mita moja kila upande, mimi hununua gramu 400 za uzi wa wastani, na sijawahi kukwama katikati.

Loti nayo usiipuuze. Madonge mawili meupe ya loti tofauti yatafanana kabisa chini ya taa ya duka, ukitoka nayo juani moja ni maziwa na jingine ni chokaa. Shali ina uso mpana kuliko sweta. Mstari wa rangi iliyopishana utaonekana kutoka ng'ambo ya barabara.

Na pale ambapo hakuna lebo, kwa sababu uzi umekatwakatwa na kupimwa kwa gramu, omba kiberiti. Mwaka mmoja niliuziwa madonge sita meupe nikiambiwa ni sufu tupu, nikafuma shali ya harusi ya mdogo wangu. Usiku wa kuamkia sherehe nikaipiga pasi, ncha moja ikang'ang'ania pasi na kukauka kama plastiki. Tuliikunjia kwa ndani tukaishika kwa pini, akaivaa hivyo hivyo, na mimi sikuweza kuitazama ile ncha siku nzima. Tangu hapo, muuzaji akiniambia, "Mama, hii ni sufu kabisa, chukua bila wasiwasi," namjibu, "Sawa kaka, nipe kipande cha kidole kimoja nikichomee nje." Hakuna aliyewahi kukasirika.

Pamba huwaka haraka kama karatasi, hunuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu mepesi ya kijivu. Sufu huwaka kwa shida na hujizima ukiitoa kwenye moto. Harufu yake ni ya nywele zilizoungua, na majivu yake husagika vidoleni. Akriliki, yaani uzi wa kiwandani wa jamii ya plastiki, huyeyuka, hutoa moshi mweusi na kuacha kishanga kigumu cheusi. Usikiguse kikiwa cha moto. Uzi wa mchanganyiko hutoa dalili za pande zote mbili, na hapo huna njia ila kutafuta donge lenye lebo.

1. Mchanganyiko wa pamba na akriliki

Huu ndio ninaouweka wa kwanza kwa nyumba nyingi za hapa. Nusu kwa nusu ni sawa; pamba ikifika asilimia 60 ni bora zaidi. Pamba inaleta ubaridi na kunyonya jasho, akriliki inapunguza uzito na kuusaidia uzi urudi ulipovutwa. Unavumilia sabuni ya mche, unakauka ndani ya siku moja, hauwashi shingo. Mtoto akicheulia, unasuuza bila hofu. Kasoro yake ni vinundu vidogo vya manyoya vinavyojitokeza pale shali inaposuguana na mkoba au kifua. Utavinyofoa kwa mkono.

Shida ni kuupata. Ukizunguka maduka ya vifungo, zipu na urembo wa ushonaji upande wa Makoroboi na barabara za jirani, utaambiwa upo kisha uletewe akriliki tupu. Shika lebo mwenyewe.

2. Uzi wa sweta, yaani akriliki laini

Ndio uzi ulioenea kuliko wote, wenye rangi za kila aina na bei inayofikika. Chagua ule uliotengenezwa kwa ajili ya watoto, uliosokotwa kwa kubana. Njia ya kuupima: usugue donge kwenye upande wa ndani wa kifundo cha mkono mara ishirini. Ukichachamaa manyoya hapo hapo, shali yako itachakaa kabla ya ubatizo.

Mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, joto. Pasi usiiguse kamwe. Ukitaka kuinyoosha shali ya akriliki, itandaze kwa pini na uipitishie mvuke kutoka juu bila kuigusa. Ikizidishiwa joto hulegea na hairudi tena. Pili, moto. Akriliki ikishika moto huyeyuka na kugandia ngozi. Katika nyumba yenye jiko la mkaa chumbani au kibatari, mtoto asilazwe karibu navyo akiwa amevikwa shali ya namna hii. Mteja akiniambia wanapikia chumba hicho hicho wanacholala, mimi humshawishi aongeze pesa kidogo achukue sufu. Pamba haigandi mwilini, lakini nayo huwaka upesi.

3. Sweta la mtumba, ulifumue

Nimewahi kubishana na mafundi wenzangu kuhusu nafasi hii, lakini nasimama nayo. Soko la Mlango Mmoja lina masweta ya sufu safi ambayo ukinunua uzi wake ukiwa mpya hungeweza kuumudu. Watu hapa huyapita kwa sababu ni mazito. Wewe unanunua uzi, hununui sweta.

Geuza sweta ndani nje, angalia mshono wa ubavuni. Ukiona kila kipande kina ukingo wake mzima na vipande vimeunganishwa kwa uzi unaofumuka, chukua. Ukiona ukingo umekatwa kwa mkasi na kushonwa kwa overloki, liache, kwa maana uzi umekatika kila mstari na utapata vipande vya nusu mita. Angalia pia kama limeganda, limekuwa nene na vitanzi havionekani: hilo lilishafuliwa kwa maji ya moto huko lilikotoka, halifumuki tena. Shika kwapani na viwikoni, shika dhidi ya mwanga utafute vitundu vya nondo.

Ukishalifumua, zungushia uzi kwenye mgongo wa kiti, funga sehemu nne ili usivurugike, uloweke maji ya uvuguvugu nusu saa, kisha uutundike ukiwa na kitu kizito kidogo chini, chupa ya maji yatosha. Mikunjo inanyooka. Sweta kubwa la mwanamume linatoa shali nzima na uzi unabaki. Kazi ni ya siku mbili, na sufu hii nayo huganda kwenye maji ya moto; ndiyo sababu sijaliweka juu zaidi, ingawa bei yake imelipandisha hapa.

4. Pamba tupu

Inaniuma kuiweka hapa nikiwa Usukumani. Mikoa hii imelima pamba vizazi na vizazi, wazee wakaiita dhahabu nyeupe, na bado sehemu kubwa ya pamba yetu inauzwa nje ikiwa marobota. Donge la pamba la kufumia ninalolikuta dukani mara nyingi lebo yake inasema Uturuki au China.

Kwa ngozi ya mtoto na kwa joto la huku haina mpinzani. Tatizo ni uzito na uvivu wake: pamba haina mnepo, ikivutika haijirudi. Shali pana ya pamba ikianikwa kambani ikiwa mbichi inarefuka, baada ya mifuo michache imekuwa upanga. Ukiichagua, nunua uzi mwembamba, fuma kwa vitanzi vilivyobana kidogo, na mwambie mwenye shali aikaushe ikiwa imelala, juu ya mkeka au juu ya jiwe safi lenye kivuli. Mwanza mawe tunayo. Rangi nzito, hasa nyekundu na bluu ya usiku, loweka kipande kwanza kwenye kikombe cha maji meupe uone kama inachuja.

Ipo pamba yenye mng'aro, iliyopitishwa kwenye kostiki soda kwa njia iliyoanzia kwa John Mercer wa Uingereza mwaka 1844. Hushika rangi vizuri zaidi, na mashimo ya nakshi hujitokeza wazi. Ni ghali, lakini kwa shali ya kanisani au ya zawadi inastahili.

5. Sufu mpya

Kama ningepanga kwa raha ya mikono, sufu ingekuwa ya kwanza. Inanepa, inasamehe makosa, na inaweza kunyonya unyevu hadi karibu theluthi ya uzito wake kabla hujahisi ubichi. Ukiiloweka, ukaikamua kwa taulo na kuitandaza kwa pini, nakshi hufunguka na kubaki hivyo mpaka utakapoifua tena. Wafumaji wa visiwa vya Shetland, kaskazini mwa Uskoti, hufuma kwa sufu ya kondoo wao shali nyembamba zinazopita ndani ya pete ya ndoa.

Lakini unyoya wa sufu una magamba madogo, na magamba hayo yakipata maji ya moto na kusuguliwa hushikana. Shali inarudi, inakuwa ndogo na ngumu, wala hakuna dawa. Ipo sufu iliyotibiwa ili isigande, lebo itakuambia inafulika. Hiyo ndiyo ya kununua. Vinginevyo mfumie mtu anayefua mwenyewe na anayekusikiliza. Bibi anayesafiri mara kwa mara usiku ziwani atakushukuru kuliko mtu yeyote.

Hariri, nyuzi za mianzi, manyoya ya mbuzi wa Angora: vizuri vyote, vichache hapa, na vya kuagiza kutoka mbali. Uzi wa mianzi ukilowa hudhoofika, usiuvute. Manyoya ya mbuzi usimvike mtoto mchanga, yataingia puani.

Wa mwisho: uzi wa kusukia nywele

Najua unavyoshawishi, uko kila kona na bei yake ndogo. Usiununue kwa shali. Ni mwembamba na haukusokotwa ili ubebe uzito wa kitambaa; ukiufuma mkunjo mmoja hupasuka kwenye sindano, ukiukunja mara tatu unamaliza vifungu vingi mpaka bei yake inaifikia ya uzi wa sweta.

Kuhusu sindano, panda ukubwa namba moja au mbili juu ya ile iliyoandikwa kwenye lebo, shali ipate kulegea na kuanguka vizuri begani. Sindano ya mviringo yenye waya katikati ni bora, maana vitanzi vya shali hufika mamia.

Na usinunue madonge yote siku hiyo hiyo. Chukua moja, fuma kipande cha ukubwa wa kiganja, mpe yule atakayeifua akifue kama anavyofua siku zote, bila kumwelekeza. Muombe muuzaji akuwekee madonge mengine ya loti ile hadi kesho kutwa. Wengi wanakubali ukiacha kianzio.