Kituo cha Westminster, London: tathmini ya msafiri kutoka Dodoma

Watumishi wenzangu wa hapa Dodoma wanaopata safari ya kikazi kwenda London, hasa wale ambao shughuli zao zinahusu Bunge, watajikuta mapema au baadaye katika kituo cha treni cha Westminster, ambacho mlango wake mmoja unatazamana na Bunge la Uingereza. Mimi nilikipita asubuhi na jioni kwa muda wa juma zima, kisha nikarudi siku ya Jumapili bila shughuli yoyote isipokuwa kukitazama vizuri.

Kwa hakika ni vituo viwili vilivyobebana. Cha juu ni cha zamani. Kilifunguliwa Desemba 1868 kwa jina la Westminster Bridge, na treni zake, za njia za District na Circle, hupita kina kifupi tu chini ya barabara. Huduma yake inatosha, wala sina mengi ya kukisemea. Kilichonirudisha Jumapili ni cha chini, cha njia ya Jubilee, kilichofunguliwa Desemba 1999 ndani ya shimo lenye kina cha takriban mita 39. Mtu akitaka picha ya haraka, na afikirie jengo la ghorofa 12 lililozikwa wima, kisha likaondolewa sakafu zote.

Unaposhuka kwa ngazi za umeme hukuti dari wala marumaru ya kupendezesha. Kuta ni zege tupu la kijivu, na kati yake imepitishwa mihimili minene inayozuia udongo usizibane zikakaribiana, huku ngazi nyingine zikipandana na kupishana juu yako na chini yako, zikiwa zimejaa watu wasiotazama chochote. Mwenzangu niliyesafiri naye alisema panafanana na jengo ambalo mkandarasi amelikimbia kabla ya kupiga plasta. Sikubaliani naye. Hapa kila kinachobeba mzigo kinaonekana kikiubeba, na ni nadra mtu asiye mhandisi kupewa nafasi ya kuona jambo hilo kwa uwazi kiasi hicho.

Ugumu wa kazi yenyewe ulikuwa juu, wala si shimoni. Mnara wa saa wa Bunge, ambao watu wameuzoea kwa jina la kengele yake, Big Ben, una urefu wa mita 96, na umesimama umbali wa mita 34 hivi kutoka ukingo wa shimo hilo. Ukichimba karibu na jengo zito namna hiyo, udongo hulegea na jengo huanza kuinama. Sisi wa Dodoma hatuhitaji maelezo marefu kuhusu ardhi inayomeza, kwa kuwa wazee wa Kigogo husimulia kwamba jina la mji wetu lilitokana na tembo aliyezama katika matope ya kijito. Ili mnara huo usiyapate ya tembo, wahandisi walipitisha mabomba membamba chini ya msingi wake, wakawa wanasukuma uji wa saruji kwenye udongo kidogo kidogo kila vipimo vilipoonyesha kwamba umeanza kuegama. Mnara ulisogea kidogo tu, na saa ikaendelea kusomwa na wapita njia.

Hofu hiyohiyo ndiyo iliyoamua mpangilio wa majukwaa, nami nauhesabu kuwa ndio utata pekee kwa mgeni. Ili njia za treni zikae mbali na mnara, hazikuwekwa sambamba bali moja juu ya nyingine: treni za kwenda mashariki, yaani Waterloo na Canary Wharf, husimama juu, na za kwenda magharibi husimama chini yake. Siku ya kwanza nilifuata mkumbo wa watu bila kusoma kibao, nikajikuta chini kabisa ilhali safari yangu ilikuwa ya mashariki. Kosa lilikuwa langu. Majukwaa hayo yana ukuta wa vioo wenye milango inayofunguka treni ikishasimama sawasawa, hivyo mzazi mwenye mtoto mdogo anaweza kusubiri kwa utulivu.

Juu ya kituo limejengwa jengo la Portcullis House, lenye ofisi za wabunge zaidi ya 200, na yote mawili yalichorwa na ofisi moja ya wasanifu, ya Michael Hopkins. Nguzo za jengo zinashukia ndani ya kituo, na wenye vitambulisho vya Bunge wana mlango wao wa kupanda moja kwa moja kutoka kituoni hadi ofisini. Mlango huo si wangu wala wako, na kwa raia wa kawaida kituo hiki kinamwaga watu barabarani kama kingine chochote. Hapo ndipo ninapokipunguzia alama. Hata hivyo wazo lenyewe la kuchora kituo na ofisi kwa mkono mmoja nalitamani kwa Mtumba, ulipo mji wa Serikali hapa Dodoma, ambako wengi wetu bado humalizia safari kwa bajaji au kwa miguu, jua likiwa utosini. Sisemi tuchimbe. Ardhi tunayo tele, na kituo cha juu chenye kivuli, kilichopangwa pamoja na lango la wizara, kingetosha kabisa.

Kwa matumizi ya kila siku, lifti zipo hadi kwenye majukwaa, na mtandao wa simu unapatikana hata chini ya ardhi katika njia ya Jubilee. Nauli hulipwa kwa kugusisha kadi ya benki getini, kuingia na kutoka. Ukiingia kwa kadi, usitoke kwa simu, hata kama akaunti ni ileile, kwa sababu mashine huzihesabu kuwa safari mbili zisizokamilika. Jioni, saa za kutoka kazini, msongamano ni mkubwa, na aliyesimama upande wa kushoto wa ngazi ya umeme ataombwa apishe, kwa adabu lakini bila kusubiri. Jumapili asubuhi niliyorudi, ngazi zilikuwa karibu tupu, nikashuka hadi jukwaa la chini na kupanda tena mara tatu bila kuulizwa na mtu.