Daftari la mfukoni kutoka Nasser Road: uzoefu wangu

Sisi tunaoandika hadithi huku mchana kutwa tukihangaikia mkate, mawazo mazuri hutujia pasipo na meza: ndani ya taksi (basi dogo la abiria), kwenye foleni ya benki, jikoni. Tangu mwaka jana yangu nayanasa kwenye daftari dogo ninalotengenezewa Nasser Road, mtaa wa wachapaji hapa Kampala, na nimelipenda mno.

Ukubwa wake ni A6, yaani robo ya karatasi ya A4, milimita 105 kwa 148. Linaingia mfuko wa shati. Fundi hukata karatasi za gramu 80 kwa mita ya mraba, huzikunja, huzishona kwa uzi katikati, kisha huvisha jalada gumu. Sisitiza uzi. Yaliyobandikwa kwa gundi tupu huachia kurasa ukiyafungua sana, na yasipofunguka vizuri ni taabu kuandika ukiwa na mkono mmoja tu, ule mwingine umeshika chuma cha kiti cha mbele. Tumia penseli, kwa sababu mvua ikikukuta njiani, wino hutawanyika.

Simu ninayo, na kinasa sauti chake hakina ubaya. Lakini kuitoa kwenye msongamano wa magari karibu na kituo cha taksi cha Old Taxi Park, dirisha likiwa wazi, ni kuwaitia wanyakuzi. Hata ikisalimika, ukiiwasha unakuta ujumbe wa huyu na wa yule, na ukimaliza kujibu, wazo limeshapotea.

Faida kubwa naiona alfajiri, ninapokaa kuandika. Kurasa ni ndogo, hazitoshi onyesho zima, kwa hiyo naandika mbegu tu. Siku moja, kwenye taksi ya kutoka Nakawa, mbele yangu alikaa mama mwenye kuku mapajani. Nikaandika: “Kamfunika kuku macho kwa leso. Anamnong’oneza kwamba tunakaribia.” Basi, sikuongeza neno. Kesho yake nilianzia hapo hapo, na sikukumbuka saa mpaka jua lilipoanza kunichoma mgongoni.

Mihaly Csikszentmihalyi, mwanasaikolojia aliyeanza kuandika juu ya hali hii ya kuzama kazini miaka ya 1970, alieleza kwamba huja pale mtu anapojua wazi la kufanya, na ugumu wa kazi ukalingana na uwezo wake. Hilo la kwanza daftari linanipa. Zamani nilikuwa nakaa mbele ya ukurasa mtupu nikijiuliza niandike nini, na alfajiri yote inaishia hapo. Sasa swali ni dogo na linajibika: huyu kuku anapelekwa kwa nani?

Kasoro zipo. Halina nakala, likipotea ndiyo basi. Kila Jumapili napiga picha kurasa za wiki. Kutafuta wazo la zamani nako ni kazi, ndiyo maana kurasa naziwekea namba na ukurasa wa kwanza nauacha kwa orodha. Bei inashuka mkiagiza mengi, kwa hiyo jikusanyeni marafiki.

Kwa anayeandika makala za utafiti, zenye nukuu nyingi na takwimu, silipendekezi. Kompyuta itamfaa zaidi. Kwa watu wa hadithi na mashairi, agizeni bila kusita, na mwambieni fundi asiweke karatasi zenye mistari. Nusu ya mawazo yangu huanza kama mchoro.