Niliwaambia linachemsha likisimama tu, hawakunisikia

Niliwaambia mara tatu. Nilimwambia kijana aliyenipokea getini, nikamwambia fundi aliyefungua boneti, nikamwambia mkuu wa gereji mwenyewe: gari likikimbia halina shida, likisimama kwenye foleni linachemsha. Ni hayo tu niliyokuwa nayo ya kusema. Yule mkuu akamgeukia mdogo wangu wa kiume, niliyekuja naye anisindikize tu na ambaye hajawahi hata kuongeza maji kwenye rejeta, akamwambia, "Kaka, hedi imekufa hapa. Mama akae pale kivulini, sisi tuongee."

Nikakaa kivulini. Linaloniuma mpaka leo ni hilo, kwamba nilikaa.

Gari lenyewe ni Peugeot 504, Pijo ya marehemu baba. Mzee alikuwa mtu wa Pijo tangu ujana wake, tangu Bert Shankland, dereva wa hapa hapa Dar es Salaam, aliposhinda mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1966 na tena 1967 akiwa na Pijo 404. Alipopata uwezo akanunua 504, akatulea nayo. Sasa iko kwangu na ninaiendesha, haijafunikwa turubai. Natoka Kimara, nashuka Ubungo, nashika barabara ya Mandela kwenda Tazara. Wenye njia hiyo mnaijua Buguruni: malori ya bandarini mbele, malori nyuma, daladala ubavuni, na jua la saa nane. Miaka yote mshale wa joto ulikuwa ukipanda kidogo pale, unafika mahali pake, unarudi. Mwaka jana, masika yakielekea kwisha, ukaanza kupanda bila kurudi.

Siku iliyonifikisha gereji mshale uligusa nyekundu nikiwa katikati ya foleni, sina pa kuchepukia. Nikafanya alichonifundisha baba: nikafungua hita mpaka mwisho, vioo vyote chini, joto la injini likanijia miguuni, jasho likaniingia machoni. Mshale ukashuka kidogo sana, lakini ulishuka. Nilipopata pa kuegesha, kijana wa bodaboda akaja mbio na dumu la maji, mkono tayari uko kwenye mfuniko wa rejeta. Nikamshika. Mfuniko ule ukifunguliwa kwa moto maji yanakurukia usoni, na maji ya baridi kwenye injini yenye hedi (kile kichwa cha juu cha injini) ya aluminiamu yanaweza kuipinda au kuipasua. Tukangoja karibu saa nzima. Kijana yule aliacha abiria wake akakaa na mimi mpaka mwisho, Mungu ambariki.

Sasa gereji. Waliniandikia shilingi 650,000: gasketi, kuskimu hedi (kuichonga uso uwe sawa), na kung'oa feni ya asili wafunge ya umeme ya Toyota. Sina ugomvi na feni ya umeme, wapo wenye magari ya zamani wamefunga na wanakwenda vizuri. Lakini hakuna aliyepima kitu. Nikakataa, nikasema nizibulieni rejeta kwanza. Wakakubali kwa shingo upande, na lazima niseme haki: kazi waliifanya. Walinionyesha tope la kutu lililotoka, rangi ya chai ya maziwa. Nilirudi nyumbani mshale ukiwa chini kuliko nilivyowahi kuuona. Wiki nzima niliwasifia. Nilikuwa tayari kuandika kwamba ni gereji nzuri yenye mkuu mwenye kauli mbaya, na kauli mbaya mtu anaweza kuivumilia.

Wiki ya pili, pale pale Buguruni, mshale ukapanda tena.

Safari hii nikaenda Ilala kwa mzee mmoja fundi umeme wa magari, hana bango, ana benchi na mwavuli. Nikamwamkia, shikamoo baba. Marahaba mwanangu, linasumbua nini? Nikasema maneno yale yale. Akaweka chini kikombe chake. "Likikimbia halichemshi?" Halichemshi. "Basi tusiiguse hedi. Washa, tusikilize."

Tukasimama wawili mbele ya boneti, injini ikiunguruma. Mshale ukapanda. Akaniuliza, "Zamani ilikuwa inalia ta?" Nikahisi mwili unanisisimka. Ilikuwa inalia! Utotoni, tukikwama kwenye foleni, baba alikuwa anainua kidole hewani, anasubiri, halafu ta, upepo unaanza kuvuma kule mbele, na yeye anashusha kidole. Sikumbuki ni lini niliisikia mara ya mwisho.

Feni ya Pijo hizi haizungushwi na injini muda wote. Inaelea tu mpaka maji yapate moto. Hapo swichi ya joto iliyo kwenye rejeta inaruhusu umeme, umeme unapita kwenye kaboni ndogo kwenda kwenye sumaku, sumaku inainasa feni izungushwe na injini, na ndiyo ile ta. Ukiwa mwendoni upepo wa barabara unatosha kupoza rejeta, kwa hiyo feni ikifa hujui. Ukisimama, hakuna kingine cha kuvuta hewa. Nilichokuwa nawaambia pale gereji kilikuwa jibu zima.

Mzee akaichomoa ile kaboni, akaniwekea kiganjani. Imelika mpaka imebaki kama punje ya mchele. Akatafuta kaboni kubwa ya stata, akaikata, akaisugua kwa msasa mpaka ikaingia, kisha akarekebisha skrubu tatu za feni kwa fila geji, vile vibati vya kupimia mwanya, kwa sababu mwanya wa pale haufiki hata nusu milimita. Shilingi 15,000.

Halafu akafungua kasha la thamostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Tupu! Wameitoa bila kuniambia. Kumbe ndiyo sababu mshale ulilala chini wiki ile: injini ilikuwa haifiki hata joto lake, inakunywa mafuta bure, na mimi nawasifia. Akachovya kidole kwenye maji ya rejeta, akadondosha tone moja juu ya boneti. Jua likalikausha, kikabaki kiduara cheupe. Chumvi. Walimwaga kulanti yangu, yaani dawa ya rejeta, wakajaza maji ya kisima, ndani ya injini ya chuma na aluminiamu. Sifa zote nilizowapa hapo juu nazifuta. Rejeta uliyoizibua kisha ukaijaza chumvi hujaizibua.

Tuliosha mfumo wote, tukaweka kulanti na maji yaliyochujwa chumvi. Juzi Buguruni nilisimama karibu dakika 40. Mshale ukapanda, nikazima redio, nikainua kidole. Ta.

Thamostati yangu bado iko kwao. Nimepiga simu mara tatu. Kama yupo wa gereji ile anayesoma hapa: ni ile ya shaba, ina doa jeusi pembeni, mara ya mwisho niliiona kwenye kopo la majarini juu ya meza ya fundi wenu wa rejeta, sikujua kuwa ni yangu. Nakuja kuichukua Jumamosi, na nakuja peke yangu.