Kukodi uwanja wa zamani wa chuo, Tudor, Mombasa

Kwa mechi ya jioni, uwanja huu unafaa. Nyasi ni za asili, fupi, na mpira unatambaa vizuri. Mbele ya magoli tu ndipo pamebaki udongo mtupu. Milingoti ni kipimo kamili, mita 7.32 kwa 2.44, ila imeliwa na kutu pale inapoingia ardhini: itikise kabla ya kufunga nyavu.

Kasoro kubwa ni jukwaa. Zege limepasuka kwa kufuata nondo, yaani vyuma vilivyo ndani yake, na chini ya ngazi vipande vimedondoka. Chumvi ya bahari hupenya, nondo hushika kutu, kutu huvimba na kulisukuma zege kutoka ndani. Kupiga lipu juu yake ni kuficha ugonjwa. Palmer Stadium ya Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, iliyofunguliwa 1914, zege lake lilichakaa hadi ikabomolewa 1997. Jukwaa hili bado linaweza kuokolewa: bomoa sehemu mbovu, sugua nondo mpaka ziwe safi, kisha mwaga zege zito linalozifunika kwa milimita 50. Kwa sasa, tafadhali, watoto wasikae pale. Wapangieni viti upande wa miembe.